Sinia la Mtu Mmoja

Adhuhuri ilipokaribia, jiko liliamka lenyewe na kuomba mkono.

Siwema Feruzi aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya kibao cha kioo kilichokuwa ubavuni mwa jiko. Bangili aliyoivaa ikagusa kioo, taa ya kijani ikawaka. Ile ilikuwa bangili-damu. Ilisoma damu yake kupitia ngozi mchana na usiku, ikajua ina mwako kiasi gani, viungo gani vinataka kuvimba, na chakula cha jana kimefanya kazi gani. Jiko lilipokea habari hizo, kisha likashusha mikono yake miwili ya chuma kutoka darini na kuanza kupika. Lilimpasua mgebuka, samaki wa ziwani, likamtoa miiba, likamchemsha kwa moto mdogo bila tone la mafuta. Lilisaga manjano mbichi na tangawizi. Likasonga ugali wa ulezi. Mwisho lilifungua kijungu kilichofichwa nyuma yake, likadondosha ndani ya mchuzi matone ya kitu cheupe kama tui.

"Dozi imeongezwa kidogo," lilisema, kwa sauti ya mwanamke mpole asiyejulikana kabila lake. "Chakula hiki ni cha mtu mmoja. Karibu."

Matone yale meupe yaliitwa chachu-tulizi, na ndiyo yaliyokuwa kazi ya Siwema. Yeye na wenzake wa Taasisi ya Lishe-Tiba waliyatengeneza baada ya kutambua kwamba chakula peke yake hakitoshi. Ukimwondolea mgonjwa sukari, nyama nyekundu na vya kukaanga, ukampa samaki wa ziwani, majani na ulezi, maumivu yake hupungua, hayaishi. Ndipo wakachukua chachu, ndugu wa ile ya maandazi, wakaifundisha kukaa utumbuni na kuituliza mishipa ya fahamu. Kwenye mikutano Siwema alikuwa haachi kusema kwamba chachu haiponyi ugonjwa. Inanyamazisha tu. Watu walipiga makofi hata kwa hilo, kwa sababu anayeumwa haombi zaidi ya ukimya.

Yeye mwenyewe alikuwa na baridi yabisi ya mikono. Kabla ya jiko-tabibu, vidole vyake vilikuwa vimejikunja hata kufunga kifungo cha gauni hawezi, na mumewe Maulidi ndiye aliyekuwa akimfunga kila asubuhi, kimoja kimoja, akipiga mluzi. Siku hizi alijifunga mwenyewe. Maulidi alisema ameikosa kazi yake.

Na Maulidi huyo alikuwa ameshanawa. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameikunja, kofia kaiweka kando, anasubiri sinia bila aibu yoyote.

Siku lile jiko lilipofungwa nyumbani kwao Ujiji na kutoa onyo lake kwa mara ya kwanza, Maulidi alicheka mpaka akakohoa. "La mtu mmoja? Mke wangu ale peke yake kama paka, mimi nimtazame? Nimekosa nini?" Fundi aliyelifunga alicheka pia. Naye mtu wa Ujiji, alipokaribishwa alinawa, akamega matonge mawili ya adabu. Siwema alicheka pamoja nao, naye ndiye aliyeyaandika maneno ya onyo lile.

Tusimlaumu haraka. Kuna mambo ambayo kichwa huyajua na mkono usiyajue. Mazoea yana taabu, na zaidi yale uliyoyapata kabla hujajua kusema.

Basi walikula. Maulidi alifanya kama alivyofanya tangu waoane: vipande vya samaki alivisukumia upande wa mkewe, yeye akachovya tonge kwenye mchuzi, akachovya tena, akaufuta mchuzi mpaka sinia likang'aa.

"Leo nina mechi," alisema akijilamba kidole. "Maveterani wa Gungu na maveterani wa Mwanga. Wazee watupu, lakini wana matusi."

Maulidi alikuwa mwamuzi wa mpira. Tangu macho-mwamuzi yafungwe katika viwanja vyote vikubwa, kamera zile zisizopepesa na zisizokosea, waamuzi wa watu walibaki kwenye mechi za maveterani tu. Maveterani waliikataa mashine. Walitaka mtu wa kugombana naye, na mashine haigombani.

"Na goti lako?" Siwema aliuliza.

"Goti gani? Limerudi ujanani. Mwaka wa pili huu silisikii." Alilipiga goti kwa kiganja. "Nadhani ni kukuona wewe unacheka, mama Sharifa. Mtu akila na mke asiyelia, hata mwili wake unapata nafuu."

Siwema aliyapenda maneno yale. Aliyaamini, mtafiti mzima na shahada zake.

Kazini kwake kulikuwa na fumbo lililowapendeza wote. Majiko-tabibu ya Ujiji yalikuwa yakiongeza dozi kila mwezi kuliko ya mji mwingine wowote. Wagonjwa wa huku walihitaji chachu mara mbili ya ile iliyowatosha wagonjwa wa majaribio. Jambo hilo lilipewa jina zuri, ukinzani wa Ujiji, na Siwema ndiye aliyeleta wazo kwamba sababu ni mawese: vizazi na vizazi vya mawese vimeyafanya matumbo ya watu wa huku kuwa magumu. Mkurugenzi, Bwana Gwasa, alilipenda wazo hilo mpaka akalitangaza kwenye mkutano nchi za nje. Hadhara yote ilitikisa vichwa kwa heshima. Matumbo ya Ujiji yakapata sifa ya kimataifa.

Jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Rehani, naye alikuwa na jiko lake kwa ajili ya mgongo. Kila akimwona Siwema uani alimwinulia mikono. "Mungu akulipe, mwenzangu. Nilikuwa nainama kwa kulia, sasa nadeki nyumba nzima naimba. Baba Rehani mwenyewe anasema chakula cha jiko kina baraka."

Siwema aliitikia amina.

Ijumaa moja Maulidi aliacha tonge mkononi, akalirudisha siniani. Katika ndoa yao yote hakuwahi kulirudisha tonge.

"Unaumwa?" Siwema aliuliza.

"Siumwi popote. Sina hamu tu."

Paji lake la uso lilikuwa na jasho. Siwema aliligusa kwa vidole vyake, lakini vidole vile siku hizi havikuwa vikitofautisha sana moto na vuguvugu. Havikumwambia kitu. Alimwambia apumzike, na Maulidi alipumzika jioni ile na kesho yake. Jumapili alivaa kaptula nyeusi na kwenda uwanjani, akatoa penalti, akatukanwa, akarudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa anatembea ameinama kidogo, mkono kwenye ubavu wa kulia.

"Mbona umeinama?"

"Nimeinama?" Alijitazama. Alinyooka kwa urahisi kabisa, akatabasamu. Hatua chache mbele mwili ukajikunja tena bila kumwuliza.

Jumatatu hakuweza kusimama. Alisema amechoka tu, na macho yake yalikuwa ya manjano kidogo pembeni. Siwema aliita gari la wagonjwa, lile lisilo na dereva, nalo likawafikisha hospitali kabla Maulidi hajamaliza kulalamika kwamba anaonewa.

Aliyewapokea alikuwa Daktari Nyabenda, mwanamke mrefu mwenye haraka. Alilifunua tumbo la Maulidi na kulibonyeza.

"Hapa panauma, mzee?"

"Hapana, mwanangu."

"Hapa?"

"Hapana. Nipe kadi ya njano niende nyumbani."

Daktari hakucheka. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Alipitisha kioo-penyezi juu yake, kifaa kinachoonyesha mambo ya ndani ya mwili kama yaliyo ndani ya chupa, akaitazama picha. Kisha akamshika Siwema mkono na kumtoa nje ya pazia.

"Mama, kidole tumbo kimepasuka. Si leo, wala si jana. Usaha umejaa tumbo zima na sumu imeingia kwenye damu. Mtu mwenye hali hii hulia mpaka majirani wanakuja. Huyu hakulalamika?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Alisema hana hamu ya kula."

Daktari alikitazama tena kile kioo. "Damu yake ina chachu-tulizi. Nyingi mno. Naye anatumia jiko-tabibu?"

"Hapana. Jiko ni langu mimi. Yeye hana bangili."

"Basi ameipata wapi? Anakula wapi?"

"Nyumbani," Siwema alijibu. "Anakula na mimi."

Akasikia alichokisema. Daktari naye alisikia, akatazama chini.

Lilikuwa jambo jepesi, na lilijipanga lenyewe akiwa amesimama pale. Jiko lilikuwa na njia moja tu ya kujua kama mgonjwa amekula: lilipima uzito wa sinia linaporudi. Sinia likirudi jepesi, jiko linajua amekula. Bangili inasema chachu katika damu ni nusu ya inayotakiwa, kwa sababu nusu nyingine imeingia tumbo jingine ambalo jiko halilijui. Jiko linaongeza matone. Kesho linaongeza tena, mpaka Siwema anafikia kipimo chake, na yule anayechovya naye anafikia kipimo hicho hicho na kukipita, maana mchuzi wote anaufuta yeye. Majaribio yote yalifanyika ukumbini, kila mgonjwa na meza yake, sahani yake na kijiko chake. Hakuna aliyeuliza kama watu hao wakirudi nyumbani watakula hivyo. Siwema mwenyewe alizaliwa Ujiji, na kila siku saa saba alinawa na kukaa mbele ya jibu. Akaandika juu ya mawese.

"Mpasueni," alisema.

"Tunampeleka sasa hivi. Lakini mama, tumechelewa. Nakwambia ili ujue."

Maulidi alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu akimpungia mkewe mkono. "Usiogope," alimwambia. "Sisikii kitu."

Alifariki kesho yake alasiri. Daktari Nyabenda alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi karibu na Siwema, akasema yale ambayo madaktari wema huwaambia wajane wote.

"Hakuumia, mama. Hilo nakuhakikishia. Hakuumia hata kidogo."

Siwema alimshukuru. Alijitafuta ndani akitaka kulia, hakuona kitu. Chachu haikutengenezwa kugusa huzuni. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote, alikuwa ameipima. Hata hivyo mwili wake wote ulikuwa ganzi, na hakuweza kujua ganzi ile ni ya mchuzi au ni ya msiba. Alikaa na mikono mapajani. Mikono ilikuwa mizuri, imenyooka.

Kabla ya kutoka hospitali alimpigia Bwana Gwasa.

"Zima majiko ya Ujiji," alisema. "Yote. Hakuna ukinzani. Watu wanakula pamoja."

Bwana Gwasa alimpa pole ndefu na ya kweli. "Siwema, ukizima ghafla, maelfu ya watu wataamka na maumivu yao yote kwa mpigo. Unajua maumivu hayo."

"Nayajua."

"Basi tusikurupuke. Tutaongeza sauti ya onyo. Tutaweka na taa nyekundu. Kila mgonjwa ataambiwa ale peke yake."

"Wewe jana ulikula na nani?" Siwema aliuliza.

"Sikiliza, umefiwa. Kazike mume wako. Tutaongea baada ya msiba."

Maulidi alizikwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi. Sharifa, binti yao, alifika kwa treni ya sumaku kutoka Bujumbura na kukuta kaburi limeshafukiwa. Alilia kwenye bega la mama yake mpaka akatapika. Siwema alimshika kichwa. Wanawake waliokuwapo walisema huyu mama ana subira ya ajabu.

Nyumba ya msiba haiwashi moto, na desturi hiyo ilikuwa haijabadilika. Chakula kilitoka kwa majirani, wali na maharage na migebuka ya kukaanga, masinia makubwa ya kuzungukwa na watu sita sita. Kule jikoni, kila adhuhuri, jiko-tabibu liliamka na kusema, "Mkono, tafadhali." Likasubiri. Likasema tena. Siwema alilisikia kutoka chumbani, akabaki alipokaa. Alikula alichowekewa, vya mafuta na vya sukari, pamoja na watu.

Asubuhi ya hitima vidole vyake vilikuwa vimevimba. Maumivu yaliingia taratibu, kwanza kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kila kiungo kikaanza kujieleza. Sharifa alitaka kukimbilia jikoni amletee chakula chake.

"Kaa," Siwema alimwambia. "Nifunge vifungo tu."

Baada ya dua, wanaume walibaki nje chini ya turubai, wanawake walijaa sebuleni. Sinia likawekwa katikati. Mama Rehani aliketi bega kwa bega na Siwema, akamtengea nyama mbele yake, akasema kwa upole wa moyo:

"Mwenzangu, shukuru Mungu. Mjomba wangu alilala mwaka mzima anapiga kelele, mpaka tukamwombea afe. Baba Sharifa kaondoka anatania. Hakuteseka."

"Kweli," wanawake waliitikia. "Hakuteseka."

Maneno hayo alikuwa ameshaambiwa na kila aliyeingia mlangoni, na kila mara aliitikia alhamdulillahi. Sasa mikono ilikuwa inawaka, na neno hilo halikutoka.

"Angeteseka angepona," Siwema alisema.

Bibi mmoja alianza kusema astaghafirullahi, Siwema akaendelea. Hakuinua sauti. Aliwaeleza kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi: kwamba dawa ya kunyamazisha maumivu iko kwenye mchuzi, kwamba Maulidi aliula mchuzi ule kila siku, kwamba tumbo lake lilipasuka na halikuweza kumwita. "Mwenye kuitengeneza dawa ni mimi. Na aliyemkaribisha ni mimi. Nimewaambia Taasisi wayazime majiko, wanafikiri kwanza."

"Lakini langu ni la mgongo," Mama Rehani alisema.

"Ni hilohilo."

"Limesema ni la mtu mmoja. Kila siku linasema."

"Unakula peke yako?"

Mama Rehani aliutazama mkono wake uliokuwa siniani, katikati ya mikono ya wenzake, akautoa. Mwingine naye akautoa wake, ingawa wali ule ulikuwa wa kawaida, umepikwa kwa kuni. Siwema alihesabu nyuso za wale aliowafungia majiko kwa idhini yake mwenyewe, akaacha, maana walikuwa karibu wote.

Mama Rehani alisimama. Alitoka bila viatu, akapita ukumbini, akaenda moja kwa moja chini ya turubai, mahali ambapo siku ya hitima mwanamke hapiti. Wanaume waligeuka mmoja mmoja kumtazama. Baba Rehani alikuwa katikati yao, mnene, mwenye afya, kikombe cha kahawa mkononi, anamsimulia mtu habari ya ile penalti ya Jumapili. Mkewe alipiga magoti mbele yake, akaingiza mkono chini ya kanzu yake, akalibonyeza tumbo.

"Hapa panauma?"

"Wewe una nini? Mbele za watu!"

"Nijibu. Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, jamani. Mwondoeni huyu."

Siwema alikuwa dirishani, mikono yake kaikumbatia kifuani. Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wameanza kutafuta viatu.

"Na hapa?" Mama Rehani alibonyeza kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zote za mgongo wake usiouma tena. Kahawa ikamwagika, kikombe kikaanguka. Baba Rehani alianza kucheka kwa aibu, akiwatazama wenzake.

"Hapaumi, mke wangu," alisema. "Bonyeza utakavyo."

Mama Rehani aliendelea kubonyeza, na machozi yakaanza kumtoka.